“Kunywa baada ya kula”: shauri zuri ambalo peke yake halimlindi mgonjwa

Kwenye madirisha ya maduka ya dawa ya Birere mjini Goma, ya Kadutu mjini Bukavu au ya mtaa wa Kenya mjini Lubumbashi, kuna maneno manne yanayosikika kutwa nzima: “Kunywa baada ya kula.” Mgonjwa anapokea vidonge vyake ndani ya kikaratasi, analipa franka zake, anaenda. Vidonge hivyo vikiwa vya prednisoloni au deksamethazoni, yaani dawa za kundi la kortikoidi ambazo wengi wanazijua kwa jina fupi la “dexa”, shauri hilo ni sahihi. Shida ni kwamba limekuwa kama salamu ya kuagana. Muuzaji analitamka ili amuite anayefuata kwenye foleni, naye mgonjwa analisikia na kuamini kwamba akishaweka kitu tumboni, mwili wake wote uko salama.

Hauko salama hivyo. Chakula kinasaidia, lakini ni sehemu ndogo tu ya ulinzi anaouhitaji mtu anayetumia kortikoidi. Na katika nchi ambako familia nyingi hula mara moja kwa siku, shauri hilo likitolewa bila kumuuliza mgonjwa swali lolote linaweza hata kumdhuru. Ndiyo sababu naliandikia leo, kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wauguzi na wauzaji wa dawa, na kwa ajili ya wale wenye mamlaka juu yao.

Chakula kinafanya nini hasa

Kortikoidi zimetengenezwa kwa mfano wa homoni ambayo miili yetu yenyewe huitengeneza kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Mwaka 1950 Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya homoni za tezi hizo. Tangu wakati huo dawa hizi zimeokoa watu wasiohesabika: mtoto anayebanwa na pumu, mtu aliyevimba uso na koo kwa sababu ya mzio, mgonjwa wa viungo asiyeweza kushika hata kijiko, mtoto ambaye figo zake zinavujisha protini mpaka mwili unavimba. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethazoni ya miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kati ya wagonjwa wa Covid-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Watafiti haohao walisema kwamba haikuwasaidia wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni. Wengi walishika nusu ya kwanza ya habari, nusu ya pili ikapotea njiani.

Kidonge cha namna hii kikiangukia tumbo tupu, mtu anaweza kusikia kichefuchefu, kiungulia au maumivu chini ya kifua. Akikinywa pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, usumbufu huo hupungua. Hiyo ni faida ya kweli, kwa maana mtu anayetapika dawa hawezi kupona kwa dawa hiyo. Tunaambiwa pia tuinywe asubuhi, na sababu yake ni rahisi: homoni ya mwili yenyewe hupanda asubuhi na kushuka usiku. Anayemeza dozi yake usiku mara nyingi hukesha akitazama dari. Kwa hiyo shauri kamili ni hili: asubuhi, pamoja na chakula.

Lakini madhara makubwa ya dawa hizi hayatokei pale kidonge kinapogusa ukuta wa tumbo. Yanatokea baada ya dawa kuingia katika damu. Ndiyo maana hata mtu anayedungwa sindano, ambaye hakumeza chochote, naye anaweza kupata shida ya tumbo. Dawa ikishakuwa ndani ya damu hupunguza uwezo wa ukuta wa tumbo kujitengeneza upya na huchelewesha kidonda kupona. Tena, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza uvimbe na maumivu, inaweza kuficha dalili. Kidonda kinakua, pengine kinatoboka, na mgonjwa hasikii yale maumivu makali ambayo yangemkimbiza hospitalini. Sahani ya bugali na sombe, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuzuia jambo hilo.

Hatari kubwa iko katika mchanganyiko

Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanywa juu ya watu wenye miaka 65 na zaidi katika jimbo la Tennessee, Marekani. Waliokuwa wanatumia kortikoidi peke yake, hatari yao ya kupata vidonda vya tumbo karibu haikuongezeka. Waliokuwa wanachanganya kortikoidi na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, hatari yao ilikuwa mara 15 kuliko ya watu wasiotumia kundi lolote kati ya hayo mawili. Uchambuzi mwingine uliochapishwa 2014, uliokusanya tafiti 159, ulionyesha kwamba hatari ya kutokwa damu tumboni inaonekana zaidi kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini kuliko kwa wale wanaotibiwa wakiwa nyumbani. Maana yake ni kwamba hatari hailingani kwa kila mtu. Inategemea umri, hali ya mgonjwa, na hasa dawa nyingine anazomeza.

Sasa tutazame tunavyoishi sisi. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila kona ya barabara, hata kwenye meza za sokoni, karibu na sabuni na betri. Mama anayebeba mizigo mgongoni kutwa anameza diklofenaki jioni ili aweze kuamka kesho yake. Papa mwenye magoti yanayouma anaingia katika duka la dawa na kutoka na kikaratasi chenye vidonge vya rangi tatu: kimoja cha maumivu, kimoja cha uvimbe, kimoja cha “kuongeza nguvu.” Kortikoidi mara nyingi ni mojawapo ya hivyo vitatu, na hakuna aliyemtajia jina lake. Anaambiwa anywe vyote baada ya kula. Anatii. Anakula vizuri kabisa, kisha anameza ule mchanganyiko ambao watafiti wametuonya juu yake tangu zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Mgonjwa huyo hakukosa chakula. Alikosa mtu wa kumwambia: “Papa, kama unakunywa prednisoloni, acha kwanza diklofenaki. Ukiumwa, uliza kama parasetamoli itakufaa.” Alikosa pia mtu wa kumuuliza kama aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo. Mwenye umri mkubwa, mwenye historia ya vidonda, au anayelazimika kweli kutumia dawa zote mbili, daktari anaweza kumuongezea dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Hata hiyo si ya kugawia kila mtu kama peremende. Ni ya wale wenye hatari, na anayejua nani yuko katika hatari ni yule aliyeuliza.

Na yule asiye na chakula cha asubuhi?

Mwezi Machi 2025 mashirika ya FAO na PAM yalitangaza kwamba karibu watu milioni 28 katika nchi yetu walikuwa katika njaa kali. Weka hesabu hiyo kando ya shauri la “kunywa baada ya kula” uone namna yanavyogongana. Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira au Bunia, na zaidi kwa ndugu zetu waliokimbia vita, chakula cha kwanza cha siku kinapatikana jioni, baada ya mtu kuzunguka kutafuta. Ukimwambia mgonjwa wa namna hiyo “usinywe kabla ya kula” na ukaishia hapo, atafanya mojawapo ya mambo mawili. Atasubiri mpaka usiku, kisha ashindwe kulala. Au atakosa chakula, na ataruka dozi.

Kuruka dozi si jambo dogo. Chukua mfano wa ukoma. Wengine wanadhani ugonjwa huu umebaki katika Biblia, lakini Kongo bado ni kati ya nchi zinazoripoti wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kila mwaka. Baadhi ya wagonjwa hao hupatwa na kile ambacho wauguzi huita riaksheni: mwili unapigana na vijidudu mpaka neva za mikono, za miguu na za macho zinavimba. Tiba yake ni prednisoloni. Utaratibu uliozoeleka huanza na miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5, na kupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma 12 au zaidi. Mgonjwa akimeza siku tatu na kuruka mbili kwa sababu hakula, neva inaweza kufa. Neva ikifa, vidole vinajikunja, jicho linashindwa kufumba, na ulemavu huo haurudi nyuma. Mtu huyo alikuwa na dawa mkononi. Kilichomzuia ni agizo alilolielewa nusu.

Kuna hatari nyingine. Mtu akitumia kortikoidi kwa majuma kadhaa, zile tezi zilizo juu ya figo hulala, maana mwili unaona homoni inatoka nje. Akiacha ghafla, tezi haziamki siku ileile. Anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka, na hata kufa. Kwa hiyo aliyekuwa kwenye dawa hizi kwa majuma, kukatiza dawa kunamtishia maisha kuliko kumeza asubuhi moja akiwa na tumbo lisiloshiba. Dozi hupunguzwa polepole, kwa hesabu ya daktari, si kwa hesabu ya njaa.

Na hapa kuna habari njema ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi: “chakula” si lazima kiwe sahani kamili ya bugali na samaki. Kikombe cha uji wa masoso kinatosha. Ndizi moja au mbili, kiazi kilichobaki jana, kipande cha mkate, kikombe cha maziwa, vyote vinasaidia kutuliza tumbo. Mama anayejua hilo atamuwekea mgonjwa kiporo kidogo usiku kwa ajili ya asubuhi. Asiyejua atasubiri sahani ambayo haitakuja.

Tuseme pia juu ya kufunga. Katika makanisa yetu mengi kuna mifungo ya siku 3, ya siku 7, hata ya siku 21, na ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika Maniema, hufunga mwezi wa Ramadhani. Simuambii mtu yeyote aache imani yake. Namuomba tu mgonjwa anayetumia kortikoidi asianze mfungo kabla ya kuongea na daktari wake, na namuomba mchungaji au shehe amruhusu mgonjwa huyo kula na kunywa dawa bila kumtia aibu. Mara nyingine dozi inaweza kusogezwa wakati wa daku. Mara nyingine daktari atasema wazi kwamba mwaka huu mtu huyu asifunge. Uamuzi huo ufanyike mapema, si siku ambayo mgonjwa ameanguka kanisani au msikitini.

Wanaokula vizuri na bado wanaumia

Kuna kundi la tatu, na kwa hao shauri la chakula limegeuka kuwa kifuniko. Ni wale wanaonunua “dexa” ili wanenepe. Wengi ni wasichana na akina mama, lakini vijana wa kiume pia wamo. Wameambiwa kwamba dawa inaleta hamu ya kula na kujaza mashavu. Ni kweli, hamu ya kula huongezeka na uso hujaa. Lakini uso ule wa mviringo si afya. Ni maji na mafuta yaliyohamia mahali pasipo pake, wakati misuli ya mapaja na ya mikono inapungua.

Wauzaji wanawaambia: “Haina shida, kunywa tu baada ya kula.” Nao wanakula kweli, kwa maana hiyo ndiyo shabaha yenyewe. Chakula hicho hakizuii sukari kupanda katika damu, wala presha, wala mifupa kupoteza nguvu. Hakizuii mwili kupoteza kinga mpaka kifua kikuu kilichokuwa kimelala kikaamka. Hakizuii pia minyoo fulani ya udongoni, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, kusambaa mwilini na kuua pale kinga inaposhuka. Wenye kujua tiba wanaita minyoo hiyo strongiloidi, nayo hupenda nchi za joto kama yetu. Na siku msichana huyo akichoka kununua vidonge na kuacha ghafla, tezi zake zimelala, na nyumbani watasema amerogwa.

Sitaki kuwacheka wala kuwatukana watu hawa. Katika jamii ambamo wembamba unaleta maswali ya njaa na ya maradhi, kutamani kunenepa kunaeleweka. Wa kulaumiwa kwanza ni yule anayeuza dawa ya hospitali kama anavyouza biskuti, na wale wenye kazi ya kumkagua wasiopita.

Maswali matatu kwenye dirisha

Najua jibu litakalotolewa. Muuguzi atasema ana wagonjwa 60 mlangoni na mshahara ambao haufiki. Muuzaji wa dawa atasema kwamba asipouza yeye, jirani yake atauza. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini ninachokiomba hakihitaji mashine wala msaada kutoka nje. Ni maswali matatu, na hayazidi dakika mbili. La kwanza: “Unakula saa ngapi, na asubuhi unaweza kupata nini?” La pili: “Unakunywa dawa gani nyingine, hasa ya maumivu, na uliwahi kuumwa vidonda vya tumbo?” La tatu: “Nani alikuandikia dawa hii, na alikuambia uendelee hadi lini?” Anayeshindwa kujibu swali la tatu asiuziwe kwanza, na kama ameshaitumia kwa majuma, atumwe kwa daktari siku ileile, asiachwe aikatize njiani.

Wengine watasema kwamba kuongea hivi kunawatisha wagonjwa mpaka waache dawa nzuri. Naona kinyume. Mgonjwa anayejua kwa nini anameza asubuhi, kwa nini uji kidogo unatosha, na kwa nini asiache ghafla, ndiye anayemaliza tiba yake. Anayeacha dawa ni yule aliyepewa amri tupu, halafu maisha yakamzuia kuitii.

Kwa mamlaka nasema hivi. ACOREP, ambayo imepewa kazi ya kusimamia dawa katika nchi, na idara za afya za majimbo, zianze na kortikoidi: zisiuzwe bila karatasi ya daktari, na zisiwekwe kamwe katika vile vikaratasi vya vidonge vilivyochanganywa visivyo na jina. Kila kikaratasi kiandikwe jina la dawa, kwa Kiswahili au kwa lugha ambayo mgonjwa anaisoma. Na programu zinazowapa wagonjwa prednisoloni kwa miezi, kama ile ya ukoma, zihesabu unga wa uji kama sehemu ya tiba. Hakuna maana ya kusafirisha vidonge mpaka kijijini Tshopo au Tanganyika kisha kumuagiza mgonjwa avinywe na chakula ambacho kila mtu anajua hana.

Kwako wewe msomaji, kama nyumbani kuna mtu anayetumia dawa hizi, angalia leo mfuko wake wa dawa. Ukikuta humo diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, mpeleke kwa muuguzi au daktari pamoja na mfuko wote, aamue kipi kibaki na kipi kitoke. Muulize asubuhi anakula nini, na kama hakuna kitu, mgawie kidogo ulichonacho. Na ukiona choo chake kimekuwa cheusi kama lami, akitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, au tumbo likimkaza ghafla, usimpikie uji wala usisubiri kupambazuke. Tafuta pikipiki umfikishe hospitalini usiku huohuo, na umwambie anayempokea, kabla ya jambo lingine lolote, jina la dawa aliyokuwa anakunywa.